Ng'ombe wa Novemba

Anayelima ekari moja kwa plau inayokata upana wa sentimita 20 hutembea kilomita 20 na ushei. Hesabu yake ni nyepesi: ekari ni mita za mraba 4,047, gawa kwa upana wa mkato, utapata urefu wa mfuo wote kama ungeunyoosha ukawa mstari mmoja. Hapo sijaweka kugeuza ng'ombe kila wanapofika ukingoni. Mwendo huo anautembea mtu aliyeshika plau, wanautembea maksai wawili au wanne, na mara nyingi anautembea mtoto aliyetangulia mbele na kamba mkononi. Nilikuwa bibi shamba wa Bariadi tangu tulipokuwa mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012, na katika kazi hiyo nilijaza fomu nyingi za majaribio ya plau. Zina mahali pa kina, pa upana, pa mwendo, pa nguvu ya kuvuta na pa muda wa kazi. Mtoto hana mahali pake.

Swali langu ni la dini, ingawa limeanzia kwenye fomu. Je, mtu anaweza kupima kwa uangalifu, kila namba aliyoandika ikawa kweli, na bado akawa ametoa ushahidi wa uongo? Kanisani kwetu AIC amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo ni ya tisa. Wakatoliki wanaihesabu ya nane. Ninapowafundisha watoto wa Shule ya Jumapili huona jinsi tulivyoizoea kama amri ya mahakamani na ya umbea. Lakini anayepima zana kwa niaba ya wengine ni shahidi kamili. Mkulima wa Ngulyati au Nkololo hawezi kununua plau tano azijaribu ndipo achague moja. Anasubiri fedha za pamba, au anauza ndama, ananunua moja, na atakaa nayo miaka mingi, iwe nzuri iwe mbaya. Anachonunua kwanza ni neno la mtu aliyeijaribu kabla yake. Neno hilo likipungua, atakayelipa ni yeye, na ng'ombe wake, na mkewe.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaozungumzia zana za mkulima hawajawahi kuziona zikipimwa. Kati ya mnyororo na plau hufungwa mizani ya kuvuta, yaani dinamomita. Mtu mmoja anatembea kando yake akisoma mshale, na mshale hautulii: ncha ikigonga mzizi unaruka, ikipita kwenye kichanga unashuka, kwa hiyo anasoma tena na tena kisha anatafuta wastani. Mwingine anafuata nyuma na rula, anaisimamisha chini ya mfuo akiiegemeza kwenye ukuta wa upande ambao haujalimwa, anasoma kina, halafu anapima upana. Wa tatu ana saa. Kabla ya kuanza, ncha ya plau hufunguliwa, huoshwa na kupimwa uzito. Baada ya kazi hupimwa tena, kwa sababu mchanga unakula chuma, na gramu zilizopotea ni fedha ya mkulima. Urefu wa mnyororo nao unaandikwa. Ukiwa mfupi mno plau inanyanyuka na kukwaruza juu juu, ukiurefusha inazama. Mtu mwenye ujanja anaweza kuifanya plau mbaya ionekane nzuri kwa kusogeza mnyororo pingili chache tu, na watazamaji wakapiga makofi.

Kisha kuna udongo. Usukuma ina majina ya udongo ambayo hata watafiti wa kilimo wa Ukiriguru waliyatumia katika kazi zao: luseni, kichanga chepesi; itogolo, ule ulioshikamana ukiwa mkavu hadi jembe linadunda; mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi na kunata masika. Maksai wa kienyeji hawezi kuvuta kwa saa nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake, au kupita hapo kidogo. Wawili wenye kilo 300 kila mmoja wanakupa kilo 60 hadi 70 za kuvuta. Mkato wa upana wa sentimita 20 na kina cha 12 ni sentimita za mraba 240, na kwenye luseni yenye unyevu kila sentimita ya mraba hudai takriban robo kilo. Jumla ni 60. Ng'ombe wanaweza. Mbuga iliyoanza kukauka hudai mara mbili ya hapo na zaidi. Ng'ombe wale wale, plau ile ile, mtu yule yule, na kazi haiwezekani mpaka uongeze jozi ya pili. Ndiyo sababu ukipita Itilima au Maswa wakati wa kulima unaona nira mbili zimefuatana.

Sidharau namba hizi hata kidogo. Nimewaona wakulima wakiuziwa plau kwa rangi yake. Nchi hii iliona mapema kwamba mkulima anahitaji shahidi: palikuwa na TAMTU, kitengo cha kupima mitambo ya kilimo kule Arusha, na mwaka 1981 Bunge likatunga sheria iliyoanzisha kituo cha CAMARTEC, ambacho kimeendeleza kazi hiyo. Jambo hilo lilikuwa na historia nyuma yake. Miaka ya 1960 muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria ulijaribu mashamba ya pamoja ya pamba kwa trekta huku kwetu, na gharama zikaushinda. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi kwamba taifa la jembe la mkono haliwezi kurukia trekta, kwamba ng'ombe ndiye hatua iliyo karibu. Kiwanda cha UFI pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafua majembe na plau. Watu waliofanya kazi hizo waliwajali wakulima, na nami nilijifunza kushika rula kwa sababu yao. Ninachouliza ni kitu kinachobaki nje ya rula.

Chukua wakati wa kupima. Fedha za majaribio zina msimu wao, na msimu huo mara chache hulingana na wa mkulima. Zikija Mei au Juni, ng'ombe wa Simiyu wanang'aa. Wamekula majani ya masika, nundu zimesimama, ukiwafunga nira wanavuta kwa furaha. Plau inapimwa, wastani unapatikana, ripoti inaandikwa kuwa jozi moja inatosha. Mwezi Agosti ile plau inapakwa rangi na kusimamishwa Nyakabindi kwenye viwanja vya Nane Nane, na karatasi ya matokeo imebandikwa juu yake. Mvua za kwanza zinaanguka Oktoba ikielekea Novemba. Sasa mwangalie ng'ombe yule yule. Amepita kiangazi akila mabua ya mtama na majani makavu yasiyo na kitu, na katika maeneo ya Meatu ametembea mbali kila siku kufuata maji. Mbavu zinahesabika. Ndipo anapofungwa nira, kwa sababu pamba inayochelewa kupandwa haizai, na mahindi hayasubiri. Wazee walilijua tatizo hili kabla ya sisi kuwa na mizani. Ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa masika lisichungwe mpaka kiangazi kikali, lilikuwa zaidi la ndama na ng'ombe wa kulimia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza kuzifufua ngitili mwaka 1986 ulikuta elimu iliyokuwapo tayari.

Kilo 300 za Juni zinaweza kuwa 250 za Novemba. Plau haijabadilika, udongo haujabadilika, na kila namba ya ripoti ni kweli. Aliyeisoma na kununua amedanganywa.

Hapo ndipo niliposoma upya sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati. Wahubiri huwa wanaikata vipande. Mstari wa nne unakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Mbele kidogo, kuanzia mstari wa 13, Musa anakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo, na anasema anayefanya hivyo ni chukizo. Ng'ombe na kipimo, sura moja. Sidai kwamba aliyeandika alikuwa anafikiria majaribio ya plau. Nasema tu kwamba sheria iliyomkumbuka mnyama anayefanya kazi na sheria iliyomkumbuka mnunuzi asiyejua uzito zimekaa jirani, na kwetu zimekutana shambani. Anayepima kwa ng'ombe wa Juni na kumuuzia mwenye ng'ombe wa Novemba ana mawe mawili mfukoni, hata kama hakukusudia.

Nilimweleza jambo hili fundi mmoja wa pale mjini Bariadi anayenoa na kuunganisha ncha za plau. Ni Mwislamu, na ni mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Aliendelea kufua ncha iliyokuwa mbele yake mpaka ikapoa, kisha akaniambia kwamba Kurani ina sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na kwamba katika Sura ya Rahman mizani imetajwa pamoja na kuinuliwa kwa mbingu. Akaniongezea kisa kilichopokewa na Abu Daud, cha ngamia aliyemlilia Mtume kwa sababu mmiliki wake alimtumikisha sana na kumshindisha njaa. "Sasa, Bibi Shamba," akasema, "ngamia alisikilizwa. Wewe unapopima, ng'ombe anasikilizwa na nani?" Halafu akanionyesha rundo la ncha zilizolika. Hii imelika upande mmoja: mnyororo ulifungwa vibaya na ng'ombe mmoja alibeba sehemu ya mwenzake. Hii imeisha mbele kabisa huku nyuma ikiwa nzima: plau ililazimishwa kuzama kwenye itogolo. Yeye anasoma msimu mzima kwenye chuma kilichorudi. Nimeona ripoti za kurasa nyingi zenye ushahidi mdogo kuliko rundo lile.

Ng'ombe anasikilizwa na nani? Swali lile lilinifikisha mahali pagumu katika imani yangu, na mahali penyewe ni Mtume Paulo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, Paulo anautaja ule mstari wa ng'ombe asiyefungwa kinywa, kisha anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe, na anajibu kwamba neno lile liliandikwa kwa ajili yetu, ili mhubiri naye ale kwa kazi yake. Nimesikia mahubiri mengi kutoka hapo, na karibu yote huishia kwenye sadaka. Sina ugomvi na mchungaji kula. Ninachokataa ni kuisoma sura ile kana kwamba ng'ombe alikuwa mfano tu, na baada ya mafundisho kueleweka anaweza kuondolewa. Kutoka 23 inataka siku ya saba iwe ya kumpumzisha ng'ombe na punda, na inawataja kabla ya mtoto wa mjakazi na mgeni. Kumbukumbu la Torati 22 inakataza kufunga ng'ombe na punda katika jembe moja, na yeyote aliyewahi kutembea nyuma ya wanyama wenye hatua zisizolingana anajua nani huumia. Kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kuuhurumia mji wa Ninawi, na kitu cha mwisho kabisa kinachotajwa katika huruma hiyo ni mifugo mingi iliyokuwamo. Kama Mungu asingejishughulisha na ng'ombe, kitabu kile kingemalizika mapema kidogo. Nadhani Paulo alijenga juu ya msingi: kwa sababu hata ng'ombe ana haki, basi mtu aliyefanya kazi anayo zaidi. Ukiubomoa msingi, hoja ya mchungaji nayo inaanguka.

Kwa hiyo nilianza kuangalia mabega. Ng'ombe akifunguliwa nira asubuhi imeisha, weka kiganja mbele ya nundu, pale mti ulipolala. Nywele zikiwa zimelala tu na ngozi ina joto la kawaida, nira imekaa. Zikiwa zimekatika na ngozi imelainika kama iliyolowa, kesho kutakuwa na kidonda, keshokutwa nzi, na wiki ijayo mwenye ng'ombe atampiga fimbo akidhani ana uvivu. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Nira si nundu yake. Amewekewa na mtu, na mtu anaweza kuiranda. Nilitazama pia pumzi, mate yanayoning'inia, na jinsi maksai anavyorudi kula jioni. Plau mbili zinaweza kusoma kilo sawa kwenye mizani, moja ikavuta kwa utulivu na nyingine kwa kuruka-ruka, na wastani usionyeshe tofauti. Ng'ombe anaionyesha siku ileile.

Na yule mtoto. Mwezi Novemba shule hazijafungwa. Ng'ombe waliofundishwa vizuri wanafuata sauti, wanajua kugeuka ukingoni, hawahitaji mtu mbele. Lakini kuwafundisha hivyo kunadai uvumilivu wa wiki nyingi wakiwa wachanga, na wenye haraka huona ni rahisi kumtoa mtoto darasani. Plau inayoyumba huhitaji kiongozi mbele hata kama ng'ombe wana akili; inayokwenda moja kwa moja humruhusu mtu mmoja kuwa nyuma peke yake. Kwa hiyo idadi ya watu waliotakiwa ni sifa ya plau, sawa na kina cha mfuo. Sijui kwa nini ilituchukua muda mrefu hivyo kuiona kama jambo la kuandikwa.

Nilipoyasema haya kwenye mkutano wa jumuiya, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinipinga, na upinzani wake ulikuwa wa kidini hasa. "Mayu," yaani mama, akasema, "unataka kufuta Mwanzo sura ya tatu. Jasho ni hukumu. Adamu alipewa ardhi yenye miiba, hakuahidiwa plau nyepesi." Hakuwa anatania. Amelima kwa jembe la mkono enzi za vijana kulima pamoja kwa zamu huku ngoma ikipigwa, majembe yakirushwa juu na kushuka pamoja, na anaamini plau ilivunja kitu ambacho hatujakirudisha: mwenye ng'ombe hakuhitaji tena majirani. Katika hilo la mwisho namkubalia, na naona ni hasara ambayo hakuna jaribio lolote lililowahi kuihesabu.

Lakini kuhusu jasho nilimjibu hivi. Mwanzo inaeleza jinsi ulimwengu ulivyo baada ya dhambi. Haitoi ruhusa ya mtu kumhamishia mwenzake sehemu yake ya laana. Na plau, baba, ndivyo inavyofanya tusipoangalia. Kaya iliyokuwa ikilima ekari mbili kwa jembe la mkono, ikipata plau inalima tano. Kulima kumekuwa kwepesi, na anayelima kwa ng'ombe kwa kawaida ni baba au kijana wa kiume. Magugu ya ekari tano nani anayang'oa? Pamba inataka palizi zaidi ya moja, na ya kwanza ikichelewa mavuno yameondoka. Palizi ni jembe la mkono, mgongo umeinama, mtoto mchanga amelazwa chini ya mti ukingoni mwa shamba. Jasho la Adamu limepungua na la Hawa limeongezeka, na ripoti inaandika kwamba zana imeokoa nguvu kazi. Kuna jembe la palizi linalokokotwa na ng'ombe, na linafanya kazi nzuri, ila linadai mbegu ipandwe kwa mistari iliyonyooka na yenye nafasi. Kwenye mistari ya sentimita 90 maksai aliyefungwa kikapu mdomoni anapita bila kukanyaga wala kula. (Ndiyo, hapo anafungwa kinywa. Nimelifikiria sana hilo. Sheria ya Musa inahusu kupura, nafaka ikiwa tayari imevunwa kwa nguvu zake; miche michanga bado si ya mtu wala ya ng'ombe. Lakini namlisha kabla.) Mistari ikibanwa hadi sentimita 60, kama wakulima wa pamba wanavyoelekezwa miaka ya karibuni ili wapate miche mingi zaidi, njia ya ng'ombe inabanwa nayo, na kazi inarudi mikononi mwa mama. Ushauri wa nafasi una sababu zake nzuri za mavuno. Ninachotaka ni kwamba anayeutoa aone palizi pamoja nao.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza kama nataka kusema plau ni dhambi. Hapana. Babu yake aliuza ng'ombe wengi kununua ya kwanza, na watoto wa ukoo ule walisoma kwa sababu yake. Ninasema plau haiwezi kupimwa peke yake kama jiwe mezani. Inapimwa ndani ya kaya, na kaya ina watu ambao hawashiki mshikio wake.

Lipo jambo jingine linalonigusa zaidi, nalo ni ardhi ya kujaribia. Taasisi ikija kujaribu plau kijijini huomba kipande cha shamba la mtu. Yeye hufurahi, maana atalimiwa bure. Lakini msimu ni mmoja. Kuna mwaka ambao kikundi cha wapimaji, ambacho sitakitaja, kilikuja na plau yenye ncha iliyokuwa haijawahi kuguswa na udongo wetu, kikalima kipande cha mbuga kikavu mno, kikaacha mabonge makubwa kama vichwa vya ng'ombe, kikaandika "haifai" kwa uaminifu kabisa, kikaondoka. Jaribio lilikuwa la kweli na jibu lilikuwa la kweli. Mwenye shamba alibaki na mabonge. Alipanda kwa kuchelewa, na mwaka ule familia yake ilikula kwa kukopa. Elimu iliyopatikana ilikuwa ya wote. Gharama yake aliilipa mmoja aliyekuwa na kidogo kuliko wote waliokuwa pale.

Nani alipe gharama ya jaribio ni swali ambalo wanafalsafa wa nchi nyingine wamelijadili sana kuhusu dawa na hospitali, na ni sawa walivyolijadili. Lakini shamba la mkulima wa Simiyu ni mwili wake pia. Ukilikata vibaya linamuumiza kwa mwaka mzima. Naamini, kwa imani yangu na si kwa taratibu za ofisi, kwamba anayejaribu kitu juu ya riziki ya maskini anadaiwa riziki hiyo mkononi kabla plau haijagusa udongo: magunia yahesabiwe kwa mavuno ya majirani, yaandikwe, mashahidi wawepo. Asiyeweza kuweka dhamana hiyo alime shamba lake mwenyewe. Nilipolipendekeza niliambiwa bajeti haina kifungu cha namna hiyo. Nikauliza kama ina kifungu cha mafuta ya gari, nikaambiwa kipo.

Jaribio la mwisho nililoshiriki kabla ya kustaafu tulilifanya mwezi Novemba, kwa ng'ombe wa Novemba, kwenye luseni na kwenye mbuga, na dhamana ya magunia ilitolewa na kikundi cha akiba cha kijiji baada ya majadiliano marefu. Walioleta plau walitaka neno moja: inafaa au haifai. Nikawaandikia mawili. Kwenye luseni, jozi moja ya maksai waliokonda inaivuta kwa kina cha sentimita 12 na mtu mmoja nyuma. Kwenye mbuga, bila jozi ya pili, haifai, na ncha yake inalika haraka kwa chuma cha bei ile. Walisema mteja atachanganyikiwa. Nikawafungulia Isaya 28, pale mwishoni, ambapo nabii anaeleza kwamba Mungu ndiye anayemfundisha mkulima, kwamba halimi tu bila kukoma, na kwamba kila mbegu ina namna yake ya kupandwa na kupurwa. Bizari haipurwi kwa chombo cha ngano. Mkulima aliyefundishwa hivyo na Mungu hawezi kuchanganyikiwa na majibu mawili. Anayo majina ya udongo wake tangu utoto.

Tuliyasoma matokeo kwa sauti chini ya mti wa mkutano, kwa Kisukuma. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekaa nyuma na wanawake wenzake alisimama. "Mayu, umesema inalima ekari kwa asubuhi mbili. Palizi yake umeipima?" Tulikuwa tumeipima. Nikamsomea saa za palizi ya mkono kwa ekari, kisha saa za jembe la palizi la ng'ombe kwenye mistari iliyopandwa kwa kamba. Alimgeukia mumewe mbele ya watu wote, wakazungumza kwa muda, mume akikuna kichwa. Msimu ule hawakununua plau mpya. Walinunua jembe la palizi, na plau yao ya zamani wakaipeleka kwa fundi mjini ikabadilishwe ncha.